Kina kinapomtangulia mtoto: kisa cha kitabu cha picha cha kuhesabia

Usuli

Kisa hiki kinahusu kitabu kimoja cha picha cha kuhesabia, moja hadi kumi, chenye beti za vina, kilichokusudiwa watoto wa miaka 3 hadi 5. Majina ya watu, mahali na jina la kitabu yameondolewa. Mistari iliyonukuliwa imebadilishwa maneno, ila mizani, vina na makosa yake yamebaki kama yalivyokuwa.

Waliohusika ni wanne: mwandishi aliyezoea kutunga mashairi ya kimapokeo lakini hakuwahi kuwaandikia watoto wa umri huo, mchoraji, mhariri, na mwalimu wa darasa la awali aliyeombwa kuwasomea watoto na kuandika alichokiona. Mpango wa mwanzo ulikuwa kurasa 24: ukurasa wa 1 jina la kitabu, kurasa 2 hadi 21 namba kumi, kila moja na kurasa mbili zinazotazamana, 22 na 23 kibwagizo, 24 maelezo ya mchapishaji. Hesabu hiyo inakaa vizuri, na vitabu vingi vya aina hii hupangwa hivyo.

Lengo liliandikwa kwa sentensi moja: mtoto akizoea kitabu aweze kuhesabu hadi kumi. Hakuna aliyeuliza "kuhesabu" maana yake nini, na matatizo karibu yote yaliyofuata yalitokana na swali hilo ambalo halikuulizwa. Wanasaikolojia Rochel Gelman na C. R. Gallistel, katika kitabu chao cha mwaka 1978, walitenganisha kanuni tano ndani ya tendo hilo moja. Kila kitu hupewa neno moja tu. Maneno hufuata mpangilio usiobadilika. Neno la mwisho ndilo idadi ya vyote. Chochote chaweza kuhesabiwa. Na unaweza kuanzia kitu chochote, jibu ni lile lile. Mtoto anayeimba "moja, mbili, tatu" bila kuruka ameishika kanuni ya mpangilio, basi. Karen Wynn, katika utafiti uliochapishwa 1990, aliwaomba watoto wampe idadi fulani ya vitu. Waliokuwa wakikariri vizuri kabisa walichota tu vitu kwa gao la mkono. Kati ya kukariri na kujua kwamba neno la mwisho ndilo idadi hupita miezi mingi.

Mswada wa kwanza

Mwandishi alichagua mshororo mfupi wa mizani nane, mistari miwili kwa kila namba. Masikioni ulikuwa mzuri. Kwa mfano:

Viatu viwili chini,
vyasubiri mlangoni.

Mawe matatu mtoni,
yanang'aa kama mboni.

Mizani zimetimia, picha zinaonekana. Lakini tazama neno la namba liko wapi: katikati ya mshororo, mahali pasipo na mkazo wa kukumbukwa. Kinachobaki masikioni ni "-ni". Na kina cha "-ni" ni cha bei rahisi katika Kiswahili, maana kiambishi cha mahali hugeuza karibu nomino yoyote kuwa kina: mtoni, mlangoni, mezani, shimoni. Beti sita kati ya kumi ziliishia hapo, kwa hiyo hata mtoto aliyekariri hakuwa na alama ya kumjulisha yuko kwenye namba gani.

Kila namba ilikuwa na vitu vya ngeli tofauti: mti mmoja, viatu viwili, mawe matatu, na kuendelea. Mwandishi alipenda hivyo kwa sababu mtoto angesikia upatanisho wa kisarufi. Kulikuwa na jaribu jingine pia: pale mizani ilipozidi, aliandika "samaki tano" badala ya "samaki watano". Mhariri alikataa, na alikuwa na haki. Samaki, simba, sungura na bata, kwa umbo, wanafanana na nomino za ngeli ya I-ZI, lakini ni viumbe hai na upatanisho wao ni wa A-WA: simba wawili, bata wanane. Mtoto akisomewa "samaki tano" mara mia, kumwondolea si kazi ndogo.

Kibwagizo ndicho kilichompendeza kila mtu. Majina ya namba moja hadi kumi yana mizani mbilimbili yote, hata "nne", kwa kuwa n yake ya mwanzo hutamkwa kama silabi kamili: n-ne. Namba nne basi ni mizani nane kamili, na kwa bahati nne na nane huishia kwa sauti moja. Mwandishi akaongeza neno moja tu:

Moja, mbili, tatu, nne,
tano, sita, saba, nane,
tisa, kumi, tuonane.

Ni nadra lugha kumkabidhi mtunzi zawadi kama hii, na inaeleweka kwa nini hakuna aliyeiona hatari yake kabla ya watoto kuifichua.

Jaribio la kwanza

Mwalimu aliwasomea watoto wanane nakala ya majaribio kwa siku tano mfululizo, kisha akakaa na mmoja mmoja. Alikuwa na kitabu na kikopo cha vifuniko vya chupa. Alifanya mambo matatu: mtoto aimbe kibwagizo, ahesabu ukurasa aliofunguliwa bila kusomewa ubeti, na mwisho ampe mwalimu vifuniko vinne.

Kuimba kulikwenda vizuri, ila kosa moja lilijirudia kwa watoto tofauti: "Moja, mbili, tatu, nne, tisa, kumi, tuonane." Mstari wa kati ulimezwa wote. Mtoto akifika kwenye "-ne" ya "nne", sikio linamwambia yuko kwenye "-ne" ya "nane", na mlango wa mstari wa tatu unafunguka.

Kwenye kurasa, mambo yalikuwa magumu zaidi. Mtoto mmoja kwenye ukurasa wa mawe alisema "mawe matatu" kabla hata hajaangalia picha. Mwalimu alipofunika jiwe moja kwa kiganja na kuuliza ni mangapi, akasema tena "mawe matatu". Mwingine alianza kuhesabu viatu "kimoja, viwili", akafungua mawe akaanza "moja, mawili", kwenye mti akaanza "moja", akasita, akajisahihisha "mmoja", na hakuendelea. Alikuwa anaijua sarufi kuliko alivyoijua hesabu, na ile ilikuwa ikiichelewesha hii.

Kwenye picha ya nyota tisa zilizotawanywa angani, ndogo na kubwa, hakuna aliyefika tisa kwa njia ya kueleweka. Nyota moja ilikuwa imeangukia kwenye mkunjo wa kati, nusu huku nusu kule. Waliouona mkunjo walihesabu nyota mbili, wengine hawakuiona kabisa.

Vifuniko vinne vilitolewa sawasawa na watoto wachache tu. Waliobaki walitoa gao.

Maamuzi na sababu zake

*Ngeli.* Kulikuwa na njia tatu mezani. Ya kwanza, kubaki na ngeli mchanganyiko. Ya pili, kutumia wanyama watupu, ili mtoto asikie mmoja, wawili, watatu kote. Ya tatu, kutumia vitu vya ngeli ya I-ZI tu.

Njia ya tatu ndiyo iliyochukuliwa, na sababu yake ni ya kiufundi. Tunapohesabu bila kutaja kitu tunasema moja, mbili, tatu, nne, tano. Nomino za I-ZI hutumia maneno hayo hayo bila kubadilisha herufi: taa moja, taa mbili, taa tatu. Ngeli nyingine huvisha namba kiambishi, tena si zote: mmoja hadi watano, kisha sita na saba ambazo hazipokei kiambishi kwa kuwa zimetoka Kiarabu, kisha wanane, ambapo kiambishi kinarudi, kisha tisa na kumi bila kiambishi. Mtu mzima hahisi mabonde hayo. Mtoto ambaye bado anajenga mfululizo wenyewe huyahisi kila hatua. Aidha, nomino nyingi za I-ZI hazibadiliki kwa wingi, hivyo neno pekee linalobadilika kutoka ukurasa hadi ukurasa ni lile la namba, na hilo ndilo tunalotaka mtoto alisikie.

Katika kuteua nomino palihitajika uangalifu. "Funguo" ilikataliwa kwa sababu umoja wake ni ufunguo mmoja. "Soksi mbili" ilipita kwanza, halafu ikatolewa: wazazi walikuwa wakisema "jozi moja" na ukurasa wa mbili ukawa na namba mbili zinazogombana. Orodha iliyobaki: taa, ndoo, kengele, ngoma, penseli, kofia, nyota, chupa, sahani, na taa tena kwenye kumi, ili chumba kilichoanza na taa moja gizani kiishie na taa kumi.

Wanyama hawakufukuzwa. Sungura mmoja alibaki kama mhusika kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ila hahesabiwi.

*Mahali pa namba katika ubeti.* Namba ilihamishiwa mwisho wa mshororo wa pili, ikawa yenyewe ndiyo kina. Mshororo wa kwanza humwandaa msikilizaji:

Sungura aita: Ngoja!
Nimepata taa moja.

Upepo unapopita,
zaruka kofia sita.

Msomaji akisita kabla ya neno la mwisho, mtoto hulitamka mwenyewe. Hiyo ndiyo nguvu ya kina.

Ubeti wa tatu ulitoa somo peke yake. Rasimu yake ilikuwa "Kwanza avua viatu, / abebe kengele tatu." Mchoraji, kama mchoraji yeyote mwadilifu, alichora viatu. Ukurasa ukawa na viatu viwili na kengele tatu, na mtoto aliyehesabu kwa bidii kabisa akapata tano. Kuanzia hapo ikawekwa sheria: neno linalotafutiwa kina na namba lisitaje kitu kinachochoreka na kuhesabika. Viatu, watu na chatu zote zikaondoka. Mwandishi akaandika upya:

Hatazipoteza katu,
kengele zake ni tatu.

"Katu" si neno la kila siku kwa mtoto wa miaka mitatu, lakini halichoreki, na msomaji akilitamka kwa kutikisa kichwa linaeleweka.

*Kibwagizo.* Kilivunjwa na kujengwa upya kwa mizani kumi kila mstari, namba tano kwa kila mkono:

Moja, mbili, tatu, nne, tano:
hivi ni vidole vya mkono.
Sita, saba, nane, tisa, kumi:
sasa mikono tukunje ngumi.

Nne na nane sasa ziko ndani ya mstari, hazigongani. Vina viwili tofauti, "-no" na "-mi", vinaweka alama mbili ambazo sikio haliwezi kuzichanganya. Na mkono unahesabu pamoja na mdomo. Mwandishi aliumia kukiacha kibwagizo cha kwanza. Kama utunzi mtupu, kile cha kwanza ni bora, na hilo lilikubaliwa na wote.

*Picha.* Sungura na ubeti vilihamia ukurasa wa kushoto, vitu vya kuhesabiwa vikabaki kulia peke yao. Hakuna kinachovuka mkunjo. Kitu chochote kilichozidi ukurasa wa kulia kilifutwa, hata vipepeo vya pembeni vilivyokuwa vya kupendeza. Vitu vya ukurasa mmoja vilichorwa kwa ukubwa mmoja na rangi moja, maana watoto kadhaa walikuwa wamehesabu vyekundu tu wakaacha vya buluu.

Kati ya kitu na kitu paliachwa angalau sentimita 1.5, kidole cha mtoto kipate pa kutua bila kugusa viwili. Hadi tatu, mpangilio hauna shida, kwa kuwa jicho linaitambua idadi hiyo bila kuhesabu. Nne na tano ziliwekwa mstari mmoja. Kuanzia sita, tano huwa juu na zinazozidi huwa chini, zikianzia kushoto: sita ni tano na moja, nane ni tano na tatu. Mchoraji aliona kuwa mpangilio huo unafanya ukurasa uwe mkavu, na kweli umekuwa mkavu kuliko anga la nyota. Lakini ukilingana na mikono ya kibwagizo, mtoto anaiona tano ile ile kila mahali.

Chini ya vitu kuna mstari wa vidoa, kimoja kwa kila kitu. Tarakimu kubwa iko juu ya ukurasa. Hati iliyochaguliwa ni ile ambayo 4 na 9 zake zinafanana na zinavyoandikwa kwa mkono.

*Kurasa.* Kitabu kiliongezwa kutoka 24 hadi 32. Namba moja ilianzia kurasa 4 na 5, tano ikafika 12 na 13, kisha nusu ya kwanza ya kibwagizo ikapata kurasa zake, 14 na 15. Sita ilianza 16 na 17, kumi ikamalizia 24 na 25, nusu ya pili ya kibwagizo ikaja 26 na 27, na kibwagizo kizima 28 na 29. Kurasa 30 na 31 zilipewa kazi maalumu itakayoelezwa. Katika kitabu cha kurasa 32 kinachobanwa pini mgongoni, 16 na 17 ndizo kurasa za kati, zinachapwa kwenye karatasi moja na pini hupita hapo. Mchoraji alikumbushwa asiweke uso wa sungura karibu na mstari wa pini, na kila picha inayofika ukingoni izidishwe milimita 3 za kukatwa.

Jaribio la pili na matokeo

Watoto walikuwa wale wale, wiki kadhaa baadaye. Hilo lenyewe ni udhaifu: walikuwa wamekua kidogo na wamezoea mchezo wa vifuniko, na watoto wanane hawatoshi kuthibitisha jambo. Yafuatayo yasomwe hivyo.

Kosa la kuruka kutoka nne hadi tisa halikutokea tena. Kurasa za sita hadi kumi zilihesabiwa kwa kidole na watoto wengi, wakifuata safu ya juu kisha ya chini. Mmoja alifika mwisho wa safu ya juu, akatazama kiganja chake, akasema "tano", kisha akaendelea "sita, saba" bila kurudi mwanzo. Vifuniko vinne vilitolewa sawasawa na watoto zaidi kuliko mara ya kwanza, si wote.

Tatizo jipya lilitoka kwa watu wazima. Nakala mbili zilipelekwa nyumbani, na wazazi wote wawili walikisoma kitabu kizima chini ya dakika tatu. Ubeti, fungua, ubeti, fungua. Hakuna kidole kilichogusa picha. Mizani nzuri humsukuma msomaji mbele, na mtu akishaingia katika mdundo hasimami katikati.

Mabadiliko mawili yakafanywa kabla ya kuchapa. Kwanza, mkono mdogo unaoonyesha kwa kidole ulichorwa kando ya kidoa cha kwanza kila ukurasa wa kulia. Pili, ukurasa wa 3 uliwekewa maelekezo mafupi kwa anayesoma, yenye mpangilio mmoja: soma ubeti, gusa na kuhesabu, taja idadi tena. "Kengele zake ni tatu. Moja, mbili, tatu. Kengele tatu." Mpangilio huu si wa kubuni. Kelly Mix na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba watoto waliosikia idadi ikitajwa na vitu vikihesabiwa papo hapo walipiga hatua katika kuelewa maana ya neno la mwisho, kuliko waliosikia kuhesabu pekee au kutajiwa idadi pekee.

Uchambuzi

Uamuzi uliozaa zaidi ni wa ngeli. Haukugharimu chochote katika uchapaji, na uliondoa kikwazo ambacho vitabu vilivyotafsiriwa kutoka lugha zisizo na ngeli hukibeba bila kujua. Gharama yake ipo: mtoto hapati mazoezi ya "vitatu" na "watatu" katika kitabu hiki. Hayo atayapata kwingine, katika mazungumzo ya kila siku, na baada ya mfululizo wenyewe kukaa. Mhariri bado anaona kitabu cha pili, cha upatanisho, kinastahili kuandikwa, na hoja yake ni nzito.

Kuhamishia namba kwenye kina kulifaa na kulidhuru kwa wakati mmoja, na hapa ndipo panapohitaji macho makali. Mtoto akisikia "katu" hujibu "tatu" bila kutazama picha. Ukimsikiliza utadhani amehesabu, kumbe amejibu kina. Timu ilijaribu kuacha pengo mwishoni mwa ubeti ili mtoto ahesabu ndipo ajaze, lakini kina kilikuwa kimeshavujisha jibu. Wazo la pengo likatupwa.

Ndiyo sababu kurasa 30 na 31 hazina ubeti hata mmoja. Zina vitu vyote vya kitabu vikiwa katika makundi, bila tarakimu, bila vidoa, na kwa idadi tofauti na za kurasa zake: kengele nne, ndoo tatu, kofia tano. Sikio halina la kushika hapo. Mtoto aliyekuwa akijibu kwa kina anasema "kengele tatu", anatazama, na ama anahesabu ama anasisitiza. Mwalimu hujua papo hapo yuko na mtoto yupi. Katika kitabu chote, kurasa hizi mbili ndizo zilizomletea mwalimu habari nyingi kuliko zote, na hazikuwamo katika mpango wa kwanza.

Kosa la mchakato lilikuwa kuchora kabla ya kujaribu. Picha kumi zilikamilishwa kwa rangi kabla mtoto yeyote hajaguswa na mswada, na saba zilitupwa. Nakala ya majaribio ingeweza kuwa michoro ya penseli na maduara yaliyokatwa kwa karatasi. Mkunjo, ukubwa, vipepeo na viatu vyote vingejitokeza katika nakala hiyo.

Lililobaki bila ufumbuzi ni ukurasa wa saba. Watoto wawili waliendelea kuhesabu nyota saba wakasema "sita, saba" kwa nyota moja, ile ya sita, wakifuata mdundo wa kibwagizo ambamo maneno hayo yameshikana kama neno moja. Kwa chapa inayofuata mwandishi anajaribu kuweka pumziko baada ya "sita" katika muziki wa kibwagizo, na mchoraji ameombwa asogeze nyota ya saba mbali kidogo na ya sita.